TAHADHARI: Huyu wa "vipande vya Ubelgiji" hapa Lubumbashi ni tapeli, msimtumie hata franga

Ndugu zangu wa vipande, wa L'shi, Likasi na Kolwezi, hata ninyi mlioko Kitwe na Ndola, someni hii kabla hamjatuma pesa kwa mtu yeyote. Kuna bwana anazunguka kwenye magrupu yetu akisema analeta vipande vya LEGO vya kweli, hivi vya plastiki tunavyojengea modeli, kutoka Ubelgiji, kimoja kimoja, kufuata orodha yako. Ni mwongo. Ni mwizi. Amekula dola zangu 240, na hakuishia kwenye dola, mtaona huko chini.

Jina lake siliandiki hapa, mwanasheria amenikataza mpaka faili ifunguliwe. Lakini mliokuja siku ile tulipoonyesha modeli zetu pale Makomeno mnamjua: yule wa mkoba wa kompyuta usio na kompyuta ndani. Mimi ndiye niliyempa kiti.

Najua kuna watakaocheka. Nyumbani wameshamaliza kucheka. Shemeji yangu aliposikia, alikaa chini kabisa, akauliza kama kweli mwanaume mwenye watoto wanne amempelekea mtu pesa ya kodi ili aletewe vitoyi. Mama watoto hakucheka, na hilo ndilo baya zaidi. Basi chekeni, lakini mkimaliza msome.

Modeli yangu ya shimine na teril mnaijua, siwachoshi. Kwa wageni tu: shimine, ule mnara wa moshi wa kiwanda cha shaba cha Gécamines hapa mjini, ina urefu wa mita 153. Niliichora kwenye Studio, programu ya kompyuta ya kuchora modeli za vipande, kwa kipimo cha 1 kwa 300, inatoka sentimita 51. Tofali moja lina kimo cha milimita 9.6, kwa hiyo ni safu 53, moja juu ya nyingine. Teril, ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba, ndiyo inayokula vipande: upande wote ni vya mteremko, vyeusi na kijivu cha kiza, zaidi ya elfu moja. Na kijivu, ndugu zangu, ninyi mnajua shida yake. Kile cha zamani na hiki kilichoanza karibu na 2004, chenye ubluu kidogo, ukiviweka pamoja kimoja kinaonekana kama hakikuogeshwa. Ndiyo maana sikuweza kuokoteza kwenye magunia ya mtumba. Nilihitaji vipande vya rangi moja, vyote kwa pamoja.

Sasa mniambie, nani kati yenu angemkataa? Hapa kwetu ukitaka vipande 300 vya namba moja unakwenda wapi? Kwenye BrickLink, lile soko la vipande la mtandaoni, maduka ni mengi, lakini ukiandika Lubumbashi kwenye sehemu ya anwani, wengi hawajibu, na wanaojibu wanakutajia bei ya usafirishaji inayozidi vipande vyenyewe. Wote tunaishi kwa kungoja binamu atoke Bruxelles na nafasi ya kilo mbili kwenye sanduku. Anatokea mtu anasema dada yake yuko Liège, anakusanya oda za watu wengi, anatuma kwa boti mpaka Dar es Salaam, halafu lori mpaka Kasumbalesa. Ni njia ambayo mizigo ya nusu ya mji huu inapitia. Hakuna la ajabu hapo.

Na alijua kazi! Hili ndilo linanichoma. Nilimtajia tofali la 2 kwa 4, akataja namba yake, "3001," bila kutazama simu. Nikamwambia la duara la 2 kwa 2, akasema "3941, lile lenye tundu la msalaba." Halafu akaniuliza mwenyewe: "Ndugu, unataka kijivu cha zamani au kipya?" Tapeli gani anauliza swali hilo? Mimi niliona nimepata mwenzangu. Akasema papa yake naye alifanya kazi fonderi ya Gécamines, kule kwenye tanuru za kuyeyushia, akaondoka 2003 pamoja na wale wa kuondoka kwa hiari, kama papa yangu. Tukakaa tukiongea mambo ya wazazi wetu mpaka chai ikapoa. Siku nyingine alikuja saa ya chakula, akala bukari na kapenta kwangu, akamsifu mama watoto, akaomba kuongezewa mboga.

Tena oda ya kwanza alileta vizuri. Mnakumbuka ile modeli yangu ya baiskeli ya kubeba makala, yaani makaa, yenye magunia yaliyofungwa mpaka juu? Zile tairi ndogo na vile vifimbo vya kahawia vilitoka kwake, vimekamilika, vya kweli, kila namba kwenye kisashe chake, kimfuko kidogo, na karatasi. Kwa hiyo aliposema oda kubwa inalipwa yote mbele kwa sababu dada yake hana mtaji wa kukopesha watu, sikuona mwizi. Niliona mfanyabiashara. Nikaenda kabini ya kutumia pesa, nikatuma.

Sasa niwaelezee jioni yenyewe, kwa sababu naiona kila nikifumba macho.

Alinipigia saa kumi na moja na nusu jioni, ghafla, baada ya wiki nyingi za "mzigo uko duani," yaani forodhani. Akasema tukutane pale mbele ya Posta, sasa hivi, ana bisi ya kurudi Kasumbalesa. Nilitoka kazini mbio hata chombo cha chakula nikakisahau. Nilipofika jua limeshuka, pale mnapajua saa ile, kila mtu anasukumana apande takisi, wauza kadi wanapiga kelele, huoni aliyekukanyaga. Yeye yuko juu ya pikipiki, haikuzimwa, dereva amekasirika au anajifanya amekasirika. Mkononi ana mfuko mweusi mkubwa, ndani yake visashe vyeupe vimepangwa vizuri, vimeandikwa namba kwa wino wa bulu, zilezile namba za orodha yangu. Mwandiko mzuri kabisa. Nilifurahi kwa sababu ya mwandiko!

Akafungua kisashe cha juu yeye mwenyewe. Akatoa kipande cha mteremko, akawasha tochi ya simu, akakiinamisha, akasema, "Soma, ndugu." Nikasoma jina la LEGO pale juu ya kinundu, kile kinachoshika tofali la juu yake. Akatoa tofali mbili, akazibana, zikalia ka! Akanipa nizitenganishe, zikagoma kidogo kama zinavyogoma za kweli. Moyo wangu ukalala. Nikapeleka mkono nichukue kisashe cha chini, na hapo, naapa, akanishika mkono taratibu, akatabasamu: "Utahesabu nyumbani na watoto, mimi nimeshahesabu mara mbili. Bisi yangu." Dereva akavuta mafuta. Akaniambia nimsalimie mama watoto. Jina lake alilitaja! Wakaondoka.

Nyumbani hakuna kurenti, umeme umekatika. Nikaweka mfuko chini ya kitanda kama mtoto mchanga, nikalala.

Asubuhi nikamwaga visashe mezani. Kile cha juu, vya kweli. Cha pili, juu vya kweli kama ishirini, chini yake takataka. Vilivyobaki vyote, takataka kabisa: vinundu vitupu bila jina, kijivu cha aina tatu, vingine vina mkia wa plastiki pale vilipokatwa. Nikasema labda vinajengeka tu. Nikaanza shimine. Mpaka safu ya kumi, sawa. Kufika ya ishirini nikaona inainama, inaangalia mtaa wa Kenya. Nikaigeuza, ikaangalia mtaa wa Katuba. Tofali za kweli, hata za 1958 zinashikana na za leo, hawakosei kimo. Hizi moja imezidi unywele, nyingine imepungua unywele, na ukipandisha 53 zile nywele zinakuwa milimita, na shimine inalewa. Ikaanguka yenyewe tukila.

Mnielewe vizuri, sina neno na vipande vya Kichina. Haki ya ile hataza ya 1958 ilishaisha zamani, kampuni nyingine zina ruhusa kutengeneza, na zipo zinazotengeneza vizuri sana. Angeniambia "ndugu, hivi ni vya Guangzhou, nipe dola 60," labda ningechukua, ningepima kwanza, tungebaki marafiki. Yeye alichukua bei ya Liège, akaleta vya kuokota.

Nikampigia. Akajibu mara moja tu, eti ni kosa la dada yake, ameshamgombeza, atabadilisha. Baada ya hapo kila ujumbe wangu alama moja ya kijivu, haufiki, picha yake imepotea, namba haiingii. Nilikwenda Bel-Air alikosema anakaa. Kwenye ile avenue hakuna anayemjua. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza, "Wewe pia ni wa vitoyi?" Kumbe kuna wengine walishapita.

Halafu likaja la pili. Huyu bwana alikuwa ameniomba faili yangu ya Studio, ile yenyewe ya .io, si orodha tu. Alisema dada yake anataka kuona kila kipande kinakaa wapi ili akikosa namba moja achague nyingine inayofaa. Ni sababu yenye akili, wauzaji wazuri wanafanya hivyo. Nikampa.

Juzi kijana wa Kolwezi, mtoto mwenye adabu, anauliza kwenye grupu: amenunua ramani ya kujenga "Shimine ya Lubumbashi" kwa dola 15, anaipenda, ila kwenye hatua ya 38 kuna kipande cha kijani katikati ya kiini, je, ni makosa? Mnanijua mimi. Katika kila modeli yangu ndani, pale jicho halifiki, naweka kipande kimoja cha kijani. Ni cha mtoto wangu wa mwisho, ndiye anayechagua kikae wapi. Mwizi hakukiona, au alikiona akadhani mimi ndiye niliyekosea! Ametoa jina langu ukurasa wa kwanza, ameweka la kwake, na kijani cha mtoto wangu amekiacha pale pale. Ile ramani mimi nilikuwa nawapa watu bure. BURE. Yeyote aliyeniomba nilimtumia.

Walioniandikia tangu nilipotaja jambo hili wananiuliza watamjuaje. Nitasema ninayokumbuka, mengine niongezeeni. Pesa ya simu unayomtumia inaingia kwa jina la mwanamke. Mimi aliniambia ni bibi yake, yule mwenzetu wa Likasi aliyeibiwa pia akaambiwa ni mama yake mdogo, na jina ni lilelile. Picha za mzigo anazotuma hazina hata moja iliyo na orodha yako pembeni. Ukimwomba aweke karatasi yenye jina lako na tarehe, simu yake inaharibika. Kukutana ni giza likiingia, daima ana bisi. Ah, na uzito! Tofali la 3001 lina gramu mbili na kidogo, jumla ya oda yako unaweza kuijua kabla, beba hata mizani ya jikoni. Na mwage kisashe cha CHINI. Akikushika mkono, piga kelele.

Hayo yanatosha, sasa tuzungumze jinsi ya kumpata, maana mimi sitalala. Mwanasheria ananiambia utapeli uko kwenye kifungu cha 98 cha sheria ya adhabu, miezi mitatu mpaka miaka mitano. Miezi mitatu! Kwa 240 zangu, na za yule wa Likasi, na za hao wote waliomsumbua mama wa ndizi? Nataka mitano. Nataka apelekwe gereza la Kasapa na mfuko wake mweusi, apewe meza, apange vile vipande rangi kwa rangi, kijivu na kijivu chake, na akimaliza vimwagwe aanze tena. Sisemi apigwe, msiniwekee maneno mdomoni, atakayemwona asimguse, aniite tu. Lakini apange!

Nimeshaandika malalamiko. Mkaguzi wa polisi aliuliza mara mbili kama "tofali" ni za kujengea nyumba. Nilipomwonyesha aliweka moja mfukoni, akasema ni ushahidi. Anachotaka ni watu zaidi ya mmoja, ndipo parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, itamwita kwa uzito. Kwa hiyo aliyelipa, aje na karatasi ya kabini au ujumbe wa simu wenye namba ya muamala, hata kama ni dola 10. Msione haya. Yule wa Likasi anaona haya kwa sababu ni mwalimu, wanafunzi watamcheka. Mwalimu, mimi wameshanicheka, njoo.

Mliyenunua ramani ya shimine kwa dola 15, niandikieni pembeni mnitumie ukurasa wa kwanza kama ulivyo, msiufute, nahitaji kuona lile jina aliloweka. Ramani halisi nitawapa, na nimerekebisha pale juu palipokuwa panalegea.

Na wewe uliyemwingiza kwenye grupu, unajijua, umesoma ujumbe wangu tangu jana na hujajibu. Namba yake ya pili unayo. Iweke hapa.