Uzoefu wangu na kifurushi cha kushonea koseti ya miaka ya 1880

Kushona kwangu ni burudani, wala si kazi inayonilisha, na kwa miaka minne sasa burudani hiyo imeelemea upande mmoja tu: mavazi ya wanawake wa Uingereza ya zama za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Nilianza na sketi, nikashona gagulo na shimizi, kisha nikajaribu gauni zima la mtindo wa katikati ya miaka ya 1880, lile linaloinuka nyuma kama rafu. Gauni lilinitoka vizuri likiwa juu ya kiti, lakini nilipolivaa lilijikunja tumboni na kupwaya mgongoni. Kumbe fundi wa zama zile alikuwa anakata sehemu ya juu ya gauni kwa kufuata umbo la koseti, vazi gumu la ndani linalobana kiwiliwili, wala si umbo la mwili ulio ndani yake. Bila koseti, hata ushonaji wa hodari hauwezi kuliokoa gauni hilo.

Ndipo nilipoagiza kwa njia ya mtandao kifurushi cha kushonea koseti, kutoka kwa muuzaji mmoja mdogo ambaye sitamtaja jina. Nililipa pauni 74. Ndani yake mlikuwa na pateni ya karatasi ya kukatia vipande, kitambaa, baski ya sentimita 33, yaani zile pao mbili za chuma zinazofunga koseti kwa mbele, mbavu 20 za chuma za kukaza kitambaa, vipete vya kupitishia kamba, kamba yenyewe, utepe wa kumalizia kingo, na kijitabu cha maelezo chenye kurasa 22.

Niseme wazi kwamba pateni ndiyo iliyonifanya nisijutie fedha zangu. Kila upande wa koseti una vipande sita, na aliyeichora ni mtu anayeujua mwili wa mwanamke. Mstari wa kiuno umewekwa alama kwenye kila kipande, mwelekeo wa nyuzi umeonyeshwa, na saizi zinapishana bila kumchanganya msomaji. Unachagua saizi ya kifua, ya kiuno na ya nyonga kila moja peke yake, kisha unaziunganisha kwa kuchora mstari wa mshazari kati yao. Kwa sisi ambao kiuno na nyonga vyetu havikuwahi kukubaliana na saizi yoyote ya dukani, jambo hilo ni neema.

Mfano wa majaribio niliukata kwa merikani, jora dogo la kitambaa kisichopaushwa ambalo hukosi kulikuta sandukuni kwangu. Nilipokuwa nikichora kwa chaki nilitabasamu, kwa sababu kitambaa hiki kilipata jina lake pwani kwetu katika zama hizohizo. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja kwa meli, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alifika Unguja mwaka 1837, ule ule ambao Victoria alirithi kiti. Biashara hiyo ilikuja kuyumba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata mzigo, lakini jina limebaki vinywani mwetu hadi leo.

Tabasamu hilo halikudumu. Pateni haikuwa na nafasi ya mshono. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa wachoraji wengi wa pateni za koseti hufanya hivyo ili mshonaji aone mstari halisi wa mwili. Kosa ni kwamba habari hiyo imeandikwa ukurasa wa 19, baada ya maelezo ya kukata, ya kupiga bandi na ya kushona. Koseti nzima ina mishono 10. Kila mshono ulikula sentimita tatu ambazo sikuziongeza, na kwa hiyo nilipoteza sentimita 30 kamili. Kilichotoka kilimfaa mtoto wa darasa la tatu. Nilikata upya, na nashukuru kwamba nilianza na merikani badala ya kitambaa chenyewe.

Kitambaa chenyewe kinaitwa kutili, nacho ni pamba nzito iliyofumwa kwa mistari ya kwenda na kurudi kama miba ya samaki. Mfumo huo ndio unaokizuia kunyooka kinapovutwa, na kilichokuja kwenye kifurushi kilikuwa kizuri kabisa: kigumu, kizito, na kilichopokea pasi bila kung'aa. Nilikishona kwa cherehani yangu ya mkono ya Singer, ya aina ileile ambayo mama yangu anayo mpaka leo kule Tanga. Polepole yake inafaa sana kazi hii, kwa sababu karibu na baski sindano hupita kwenye matabaka manne huku chuma kikiwa milimita chache tu pembeni, na ukizungusha kwa mkono unaihisi hatari kabla sindano haijavunjika. Tumia sindano namba 16, na uvae kastabani unapomalizia kingo kwa mkono.

Baski ilikuwa imara. Upande wa kulia wa mvaaji una vitanzi, na wa kushoto una vifundo. Kijitabu kimeeleza vizuri jinsi ya kuacha mianya kwenye mshono ili vitanzi vitokeze, na jinsi ya kutoboa nafasi ya vifundo kwa chuma chenye ncha, ambacho husukuma nyuzi kando badala ya kuzikata. Mbavu nazo zilikuwa za aina mbili: za bapa kwa ajili ya mgongoni na kando ya baski, na za waya uliosokotwa kwa mishono yenye kona, kwa sababu hizo huweza kupinda pande zote. Msomaji anayetafuta uhalisia ajue kwamba hizi za kusokotwa zilizuka baada ya zama za Victoria. Wanawake wa miaka ya 1880 walikuwa na pao za chuma, pamoja na vile viitwavyo mifupa ya nyangumi, ambavyo kwa kweli si mifupa bali ni vichujio vinavyoota ndani ya kinywa cha nyangumi. Mimi sina ugomvi na waya uliosokotwa, ila muuzaji alitangaza kifurushi chake kuwa ni cha uhalisia kamili, na neno hilo ni zito.

Vipete ndivyo vilivyoniudhi. Vilikuwa vya kipande kimoja, havina pete ya pili ya kuvibana upande wa ndani, kwa hiyo vilishikilia kitambaa kwa meno membamba tu. Mara ya tatu nilipojifunga, viwili vya kiunoni, ambako mvuto ni mkubwa kuliko kwingine kote, vilichomoka na kuacha matundu yaliyochanika. Niliving'oa vyote, nikayazungushia matundu yaliyochanika uzi mzito, kisha nikanunua vya vipande viwili kwa pauni sita. Nilimwandikia muuzaji. Alijibu baada ya siku 11 kwamba hakuna mteja mwingine aliyelalamika, na barua yetu ikaishia hapo.

Kuivaa ni jambo jingine, na nimeulizwa sana kama inaumiza. Kiuno changu ni inchi 31, na nikiwa ndani ya koseti kinakuwa 29, huku nyuma pakibaki mwanya wa kama sentimita tano kati ya kingo mbili, jinsi inavyotakiwa. Haibani pumzi nikitembea, na mgongo unapata egemeo zuri. Kinachosumbua ni kuokota kitu sakafuni, maana inabidi upige magoti kama unayesalimia wakwe. Mama alipoiona kwenye simu aliuliza, "Mwanangu, ni nani amekufunga kama mzigo wa mkaa?" Nilimweleza kwamba nimejifunga mwenyewe, akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi zaidi.

Ninaishi Leicester, na safari fupi ya treni hunifikisha Market Harborough, ambako jengo la kilichokuwa kiwanda cha koseti cha Symington lina jumba la makumbusho. Nilikwenda huko nikiwa na futikamba mkobani. Nilijifunza kwamba koseti nyingine za bei nafuu, zilizokusudiwa watumishi wa nyumbani, zilikazwa kwa nyuzi nene zilizoshonewa ndani ya kitambaa, kwa kuwa mwanamke anayepiga deki na kubeba makaa hawezi kuwa na chuma kila mahali. Pia niliona miisho ya mbavu imedariziwa kwa uzi wa rangi, nami nikadhani ni urembo tu. Kumbe darizi hiyo huizuia mbavu isisukume na kutoboa kitambaa.

Koseti ya pili nimeikata wiki iliyopita kwa pateni hiyohiyo, ambayo muuzaji huyo huiuza peke yake kwa pauni 16; vifaa vingine nimevichagua mwenyewe, kimoja kimoja. Kitambaa cha nje ni cheusi, na miisho ya mbavu ninaidarizi kwa hariri ya manjano, kazi ambayo kijitabu hakikuitaja hata kwa sentensi moja. Mbavu mbili zimeshakamilika, na zimenichukua jioni nzima.