App ya tiketi za besiboli: bei sasa iko wazi, nafuu sijaiona

Nimenunulia tiketi za besiboli humu, hapa Marekani, misimu kadhaa sasa. Jina la app nalihifadhi. Kiufundi haina shida: ukigusa kiti kwenye ramani unaonyeshwa uwanja utakavyouona ukiwa umekaa pale.

Kero ni pesa. Zamani kiti kiliandikwa dola 38. Ukishakichagua, saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma, unajaza namba za kadi mbiombio, ndipo ada ya huduma na ada ya oda zinachomoza mwishoni. Jumla dola 53. Na hiyo oda ni msimbo tu kwenye simu, hata karatasi hawachapishi!

Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) inamtaka muuzaji aonyeshe jumla tangu mwanzo. App imetii: kiti kama kile sasa kinasomeka dola 53 moja kwa moja. Ila kanuni haikuweka kikomo cha ada, imekataza tu kuzificha, kwa hiyo ninacholipa ni kilekile.

Kuhama nako hakuna. Tovuti ya timu inanirudisha humuhumu, na dirisha la uwanjani linatumia mfumo huohuo. Msimbo hubadilika kila baada ya sekunde chache, hivyo picha ya skrini haifai kitu. Nikitaka kumpa rafiki tiketi, sharti naye afungue akaunti. Nikiiuza, wanamkata muuzaji na mnunuzi pia.

Mikataba ya kufungia uwanja kwa muuzaji mmoja ilikuwa sehemu ya kesi ambayo Wizara ya Sheria iliifungua Mei 2024 dhidi ya Live Nation, waandaaji wa matamasha, na Ticketmaster, wauzaji wa tiketi, walioungana mwaka 2010. App yangu si yao, na kesi ile ilihusu zaidi matamasha. Besiboli yenyewe ina kinga yake: mwaka 1922 Mahakama ya Juu iliamua kuwa si biashara kati ya majimbo, hivyo sheria za kupinga uhodhi, yaani mmoja kulishika soko zima, haziigusi. Kinga hiyo imepunguzwa baadaye, haijafutwa. Mchezo wa mabilioni, eti si biashara!

Nyota mbili kati ya tano: moja ya ramani, moja ya bei isiyofichwa. Ukibanwa kuitumia, jaribu mechi za katikati ya wiki na usubiri saa za mwisho. Wanaouza tena tiketi zao mara nyingi hushusha bei.