Nimetoa valvu ya mpira, nimefunga ya chuma: uzoefu wangu na bajaji ya tyubulesi

Wiki tatu nzima nilikuwa najaza upepo tairi la nyuma kushoto mara mbili kwa siku, na mafundi watatu tofauti wakashindwa kuujua ugonjwa wake. Wa kwanza alilizungusha ndani ya beseni la maji, hakuona povu. Wa pili akaona kijiwe kimenasa kwenye kashata za tairi, akakichomoa, akachomeka utambi wa mpira na kuchukua elfu tatu yake. Wa tatu alinishauri ninunue tairi jipya, na kwa jinsi nilivyochoka nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei.

Bajaji yenyewe ni ya abiria, napiga Mbezi Mwisho kwenda Makabe, hapa Dar es Salaam. Ipo kwenye mkataba, hesabu ya bosi hailali, kwa hiyo nusu saa ya kupanga foleni ya upepo asubuhi na nyingine mchana ni abiria niliowaachia wenzangu. Matairi yake ni 4.00-8 ya tyubulesi, hayana mpira wa ndani. Kwenye tairi la namna hii valvu, kile kijibomba cha kujazia upepo, inasimama yenyewe kwenye tundu la ringi. Ikilegea hapo shinani, upepo wote wa tairi unapita hapo.

Aliyeugundua ugonjwa ni mzee mmoja fundi pancha, amejibanza chini ya mwembe na kompresa yake inayokohoa kuliko mwenyewe. Nilimpa shikamoo, nikaanza kumweleza habari za beseni na utambi. Akanikatiza.

"Usiku likilala, asubuhi unalikuta limepungua?"

"Hapana mzee. Linapungua nikiwa kazini."

"Basi hilo halina pancha, kijana. Pancha haichagui mchana."

Akachukua kopo la maji ya sabuni, akamwagia valvu kwenye shina, pale mpira unapoingia kwenye ringi. Tukatazama. Kimya, hakuna povu hata moja. Halafu akaweka kidole gumba kwenye ncha ya valvu na kuisukuma pembeni kidogo tu. Povu likatoka kama chai inayotaka kumwagika jikoni. Akaachia, likakata. Akasukuma upande wa pili, likarudi. Kumbe mpira ulikuwa na ufa unaozunguka shina karibu nusu duara. Valvu ikisimama wima, ufa unajifunga. Ikipinda, unafunguka. Ndiyo maana beseni halikuonyesha kitu: fundi alilizamisha tairi bila kuigusa valvu.

Nilimuuliza mbona ipinde yenyewe barabarani bila mtu kuisukuma. Hapo ndipo alipofungua kifuniko cha valvu na kukipima kiganjani. Vile vifuniko vya urembo, vya chuma, vimechongwa mfano wa risasi, nilivinunua vinne kwa mmachinga nikajiona nimependezesha chombo. Akaniuliza, "Umetoa hela kwa hiki?" Sikujibu.

Hesabu nilikuja kuipiga baadaye nikiwa kijiweni. Tairi la 4.00-8 mzunguko wake ni kama mita 1.3. Ukitembea kilomita 40 kwa saa, gurudumu linazunguka zaidi ya mara 500 kila dakika, na kila likizunguka linaivuta ile valvu itoke nje. Kifuniko cha plastiki ni chepesi, hakina neno. Uzito wa chuma kwenye ncha ya mpira mkavu uliopigwa jua na vumbi ni kesi nyingine. Ongeza na mimi mwenyewe, na deiwaka wangu, dereva anayenipokea jioni, tulivyokuwa tunakandamiza bomba la upepo kwa pembe mara mbili kwa siku. Kila tulipojaza tulikuwa tunauchana ule ufa zaidi.

Mzee alikuwa na valvu ya mpira ya kawaida, elfu mbili. Akanambia ukweli kwamba kwa njia yangu ya mawe, ya chuma yenye nati ingenifaa zaidi, ila yeye hana, niifuate Gerezani kwenye maduka ya spea. Nikaenda na valvu ya zamani mfukoni kama alivyoniagiza, maana alikuwa amekwishaikata kwa kisu na kuivuta.

Hapa kwenye kununua kuna mtego. Valvu za mpira zinazotumika sana zimeandikwa TR412 au TR413. Zote mbili ni za tundu la milimita 11.5, tofauti yake ni urefu, 412 ndiyo fupi. Zipo pia za tundu kubwa, karibu milimita 16, na kwa macho tu ukiwa na haraka utadhani ni zilezile. Duka la kwanza nililoingia walinipa ya chuma yenye pete ya mpira ya tundu kubwa, nikarudi Mbezi nayo, ikacheza ndani ya tundu kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine. Siku ikapotea. Nilipoirudisha walibishana kidogo kisha wakabadilisha, lakini nauli hakuna aliyenirudishia. Kwa hiyo nenda na ya zamani, au bora zaidi nenda na ringi lenyewe.

Jambo jingine ni madini. Muuzaji alikuwa na za alumini zinazong'aa, rangi nyekundu na bluu, bei rahisi. Mzee alishanionya: kile kipini cha ndani chenye springi mara nyingi ni cha shaba, na alumini ikikaa na shaba kwenye hewa hii yetu ya chumvi huota ukungu mweupe mpaka kipini kinagoma kutoka. Nilichukua ya shaba, isiyo na rangi yoyote, fupi, elfu sita.

Kufunga ndiko kulikonifurahisha. Ringi la inchi 8 ni dogo na tairi lake limekaza, huwezi kulibandua kwa mikono. Mzee alililaza chini ya chesisi ya Canter bovu lililopo pale, akaweka jeki juu ya ukingo wa tairi na kuipandisha. Canter ni zito, tairi likakubali. Kisha akapiga msasa kutu yote kuzunguka tundu, ndani na nje, mpaka chuma kikawa laini. Nilitaka kumpa grisi, akakataa, akasema mafuta hula mpira. Akapaka sabuni tu kwenye pete. Nati akaikaza kwa spana polepole, akasimama pete ilipoanza kuvimba kidogo pembeni. Ukizidisha hapo pete inakatika, nawe unaanza upya.

Kulirudisha tairi kwenye ukingo wa ringi alifunga kamba kuzunguka kashata na kuikaza kwa kipande cha nondo, huku kipini cha valvu kikiwa nje ili upepo uingie kwa kishindo. Likalia "pa! pa!" pande zote mbili. Ndipo akarudisha kipini na kujaza kwa geji. Ufundi, elfu saba.

Sasa tathmini yangu baada ya miezi mitano. Siku tatu za mwanzo lilipungua kidogo, nikaogopa. Mzee akakaza nati robo duara, akasema pete ilikuwa bado inajilaza. Tangu hapo napima kila Jumatatu na halijawahi kushuka zaidi ya namba mbili kwenye geji kwa wiki. Bomba la upepo likikandamizwa kwa pembe, valvu haitingishiki.

Malalamiko ninayo. Ya chuma haina huruma: ya mpira ikigongwa na jiwe inalala na kuinuka, hii itapinda au itararua pete. Ndiyo sababu nasisitiza fupi, hasa gurudumu la kushoto ambalo ndilo linalobanwa na kingo za barabara kila unaposhusha abiria. Gurudumu la mbele nimeliachia ya mpira, mpya, kwa kuwa nafasi kati ya ringi na mkono wake ni finyu na sikutaka kujaribu. Kama njia yako ni lami tupu, sioni sababu ya kutoa elfu sita. Weka ya mpira ya elfu mbili na uibadilishe kila unapobadilisha tairi, basi. Ila ukiona ufa shinani usiipake gundi wala usiizungushie raba. Valvu ikikatika ukiwa na abiria watatu nyuma, upepo wote unatoka kwa mara moja, na chombo cha magurudumu matatu hakihitaji sababu kubwa ya kulala ubavu.

Kwa kumi naipa nane. Mbili nimezikata kwa ajili ya pete, kwa sababu hakuna aliyeniuzia pete ya akiba peke yake; ikichoka itabidi ninunue valvu nzima.

Nyuma kulia nayo nimeshaibadilisha, bila kusubiri ivuje. Vile vifuniko vya risasi deiwaka aliviomba avivike kwenye baiskeli ya mdogo wake. Nimempa vitatu. Cha nne mzee alikwishakitupia kwenye kopo lake la nati.