Magurudumu 28 ya Gelai: uzoefu wangu Makumbusho ya Reli, Nairobi

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mjomba wangu kumsalimu Gelai. Gelai ni injini ya mvuke, nambari 5918, nayo imesimama kwenye ua wa Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu. Mjomba ana miaka 76, magoti yanamsumbua, na tangu Januari kila nikimpigia simu anamalizia kwa swali lile lile: "Mama, lini utanipeleka nikaione gari yangu?" Mimi nimeingia pale mara nyingi mno tangu utotoni. Leo naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mzee wa reli nyumbani. Mpeleke sasa, miguu ingali inambeba, na upande naye mpaka kwenye chumba cha dereva. Ukiishia kupiga picha huku chini, hujafika.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa likizo ya Agosti 1986. Nilikuwa na miaka 9, nimetoka mashambani, nakaa kwa mjomba kwenye nyumba za reli za Makongeni. Wakati huo alikuwa dereva wa dizeli. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache sana. Akitoka zamu anaoga, anakula, analala, na sisi watoto tunanyata kama paka. Jumapili moja akaniambia nivae viatu. Tukatembea kupitia Muthurwa hadi mjini, na njia nzima hakufungua mdomo. Tulipofika mbele ya lile dude la rangi ya damu ya mzee, akaniachia mkono akasema, "Hesabu magurudumu."

Nikahesabu upande mmoja, 14. Nikazunguka upande wa pili nikapata 14 tena. Kila upande makubwa manane, yale yanayosukumwa na mvuke, na madogo sita ya kuongoza na kubeba. Jumla 28.

"Basi hizo ni injini mbili zimebeba chungu kimoja," akasema.

Nimesoma mengi kuhusu injini za Garratt tangu siku hiyo, na sijapata maelezo yanayoshinda hayo. Ubunifu ni wa mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt. Hizi za daraja la 59, Gelai akiwamo, zilijengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, 1955 na 1956, jumla 34, kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja tu. Juu ya reli nyembamba kiasi hicho, yenye kona za kila namna, huwezi kuweka injini moja ndefu yenye nguvu zote hizo, haitapinda. Kwa hiyo boila ikaning'inizwa katikati juu ya fremu yake, mbele kuna seti ya magurudumu na silinda zake, nyuma seti nyingine na silinda zake, na kila seti inakata kona kivyake. Tangi la maji liko mbele, mafuta na maji mengine nyuma. Na kwa kuwa chini ya boila hapana magurudumu, waliweza kuinenepesha watakavyo. Kipenyo chake kinapita mita 2.2, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli inayoikanyaga. Ukifika, simama mbele kabisa, uangalie tumbo lilivyomwagika nje ya reli pande zote mbili. Mimi bado hushangaa jinsi lilivyokuwa halipinduki.

Uzito ni tani 252, urefu karibu mita 32. Katika injini za mvuke za reli ya mita moja, duniani kote, hakukuwa na zenye nguvu kuzidi hizi. Zilikuwa zikichukua mzigo wa tani 1,200 Mombasa, usawa wa bahari, na kuupandisha mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Mwenzake aliye pale pale uani, nambari 5930, ni Shengena, kilele cha milima ya Upare. Jumuiya ilipovunjika 1977 reli ikagawanywa, kila nchi ikachukua chake, na milima miwili ya Tanzania ikabaki imesimama Nairobi. Kufikia 1980 zote 34 zilikuwa zimeondolewa kazini.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi yangu.

Tulifika saa tatu asubuhi, na nawashauri mfanye hivyo hivyo. Mchana vyuma vya uani vinakuwa moto kama kikaango, na mtoto hataweza kushika ngazi. Vaeni viatu vilivyofungwa, na nguo msiyoionea huruma, maana kuna grisi ambayo imekaa pale kabla sijazaliwa na bado inapaka. Ukishuka kwenye stagi ya Railways umefika. Uliza tu, mtu yeyote atakuonyesha.

Ndani ya jengo mna chumba cha maonyesho cha vitu vidogo: taa za ishara, mashine za telegrafu, saa za stesheni, vyombo vya behewa la chakula, mifano ya meli za ziwani, picha za ukutani. Makumbusho yalifunguliwa 1971, wakati injini za mvuke zilikuwa bado kazini, na hilo nalipenda: kuna mtu aliyefikiria kuweka akiba kabla ya njaa. Kwenye picha za ujenzi usipite haraka. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa kwenye kinamasi cha maji baridi, Enkare Nairobi ya Wamaasai, mwishoni mwa Mei 1899, na Kisumu Desemba 1901. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa wakati wa ujenzi. Mjomba alivua kofia mbele ya picha moja ya vibarua wamebeba mataruma, akasimama kimya kwa muda. Sikumuuliza.

Watoto, bila shaka, watataka behewa la simba. Hata mimi mwaka ule nilitaka hilo kwanza. Ni behewa la mbao ambamo mkuu wa polisi Charles Ryall alilala Juni 1900, stesheni ya Kima, kilomita zaidi ya mia moja kutoka Nairobi. Alikuwa amekwenda kumvizia simba aliyekuwa akila watu stesheni hapo. Wenzake wawili wakalala, naye akakaa zamu dirishani, usingizi ukamchukua. Simba akapanda ndani, behewa likainama kwa uzito wake, na mlango wa kusukuma ukajifunga nyuma yake. Fikiria hapo. Mmoja wa wale wenzake alikuwa kitanda cha juu, na ili atoke ilibidi amkanyage simba mgongoni. Simba akatoka kwa dirisha na Ryall mdomoni. Ukichungulia leo utaona kilicho cha kutisha kuliko hadithi yenyewe, yaani udogo wa chumba. Nimepima kwa macho mara nyingi na kila mara najiuliza watu watatu na simba walitosheaje.

Kuna pia benchi la mbao ambalo lilikuwa likifungwa mbele ya injini, wageni wakubwa wakae hapo watazame wanyama upepo ukiwapiga usoni. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alisafiri hivyo mbele ya injini 1909, akitoka Mombasa.

Uani kuna vichwa vingine vinavyostahili heshima, vile vilivyopewa majina ya makabila: 2921 Masai of Kenya, 3020 Nyaturu, 3123 Bavuma. Ni vizuri. Lakini sisi tulikuwa na miadi.

Ngazi ya Gelai imesimama wima na kidato cha kwanza kiko juu. Nilitaka kumsukuma mjomba kwa nyuma, akakataa. Akashika vyuma viwili vya pembeni, kushoto juu kidogo kuliko kulia, akasubiri, akavuta pumzi, akapanda. Magoti yale yale ambayo hayapandi ghorofa moja ya nyumba yangu bila kusimama mara mbili. Alipofika juu hakuangalia popote, akaenda moja kwa moja upande wake, upande wa fayamani, yaani mtunza moto, kazi aliyoifanya kabla ya kuwa dereva wa dizeli, akakaa.

Hapo ndipo nilipomwona tena mtu niliyemwona 1986. Mikono yake ilikuwa inajua njia. Mmoja ulikwenda kwenye vali ya mafuta, mwingine kwenye vali ya mvuke unaopulizia mafuta yale tanurini. Macho yakapanda kwenye kioo cha maji, halafu nje, kwenye dohani.

"Watu wanadhani fayamani kazi yake ni kutupa makaa," alisema. "Sisi hatukuwa na makaa, tulichoma mafuta mazito. Kazi yetu ilikuwa kusoma moshi." Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi, unayachoma bure na masizi yanajaza mabomba. Usipouona moshi kabisa, hewa imezidi, moto unapoa, na presha itakuaibisha ukianza kupanda mlima. Unatafuta ukungu mwepesi wa kijivu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya Julai, na unaushikilia hivyo hivyo kilomita baada ya kilomita, kila dereva anapofungua mvuke unafungua mafuta, anapofunga unafunga, bila kuambiana.

Kisha akanionyesha jambo la mchanga, ambalo mwaka 1986 nililisikia nusu tu kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na honi. Masizi yakishika ndani ya mabomba ya boila, joto haliyafikii maji. Basi dereva anafungua mvuke kwa nguvu, na fayamani anachota mchanga mkavu kwa kijiko kikubwa cha chuma, anauweka kwenye tundu la mlango wa tanuri. Huhitaji kuusukuma. Mvutano wa hewa unaunyakua kutoka kwenye kijiko, unapita kwenye mabomba ukiyasugua, na juu kwenye dohani linatoka wingu jeusi tititi. "Ukiwa karibu na kijiji ambako mama mmoja ameanika nguo," mjomba alisema, "unangoja upite kwanza."

Alinisimulia pia dereva wake wa kwanza, mzee wa Kisikh aliyekuwa akifika mapema kabla ya zamu na kitambaa chake mwenyewe kung'arisha shaba, na aliyekataa kuondoka kituoni kama kuna alama ya vidole kwenye geji. Treni ikikaa Makindu, mzee huyo alimpeleka kula kwenye hekalu la Masikh, lile lililojengwa 1926 na watu wao wa reli, ambapo msafiri yeyote analishwa bila kuulizwa dini wala nauli. Mjomba anasema dengu ya Makindu ilimlea kama mama.

Wakati anaongea, familia moja ilikuwa imefika chini ya ngazi. Mtoto wa kiume, labda miaka saba, akapanda bila kuomba ruhusa, kisha dadake, kisha baba yao akabaki amening'inia ngazini. Mjomba hakukatiza. Aligeuka kidogo tu ili nao wasikie. Akamkalisha yule mtoto upande wa dereva, akamwekea mkono kwenye wenzo wa mvuke.

"Fungua pole pole. Tani 1,200 ziko nyuma yako, ukizivuta kwa pupa magurudumu yatateleza."

Mtoto akavuta kwa mikono miwili, meno yamekazwa. Mjomba akageuza vali yake wakati huo huo, akainua macho kwenye dohani, na naapa nilijikuta nami nimeangalia juu.

Kama ni nyota, nawapa tano, na sababu ni hii moja: pale unaruhusiwa kushika. Nimetembelea makumbusho ambayo kila kitu kiko nyuma ya kioo na kamba, nikatoka nimesoma vibao vingi na sikumbuki kimoja. Uwezo wa mzee kumwonyesha mtoto kwa mkono, juu ya chuma chenyewe, siujui kwingine hapa Nairobi. Siku hizi ukienda Mombasa unapanda treni ya reli mpya Syokimau, reli iliyozinduliwa 2017, na safari ni raha kweli kweli, naitumia. Ila hakuna atakayemkalisha mtoto wangu kwenye kiti cha dereva.

Tulikaa juu ya Gelai karibu saa nzima. Wakati wa kushuka nilitangulia ili nimpokee mjomba, na yule mtoto akapata nafasi ya kufungua kidirisha cha mlango wa tanuri, akaingiza uso wote kutazama kama ndani kumebaki moto.

"Funga," mjomba akamwambia, sauti ile ile aliyoniambia mimi miaka karibu 40 iliyopita, nikiwa nimesimama mahali pale pale. "Baridi ikiingia ghafla mabomba yanavuja."

Mtoto akafunga. Mjomba akanyoosha mkono akakisukuma kidirisha mara moja zaidi, kuhakikisha kimeshika, ndipo akaanza kushuka.