Saki, bido ao pine: ya kununua kwa bustani ya nyumba mu Goma

Saizo B, saizo ya pili ya kulima mu mwaka, inaingia mu mwezi wa pili, mvua inarudi, na kila mama mu kartie anatafuta fasi ya kupanda lenga lenga (muchicha). Sasa huku kwetu parsele nyingi ni mawe tupu, lave (mawe ya moto) ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya muji mpaka ndani ya ziwa, jembe unapiga inalia tu. Njo maana tunapanda mu vyombo.

Ya kwanza kwangu ni saki (gunia), bila kufikiri mara mbili. Nunua ile nyeupe ya kilo 50, ya muchele ao sukari. Vuta mushono wa chini na mikono mbili, inyanyue ku mwangaza, ukiona nyuzi zimeachana wacha. Ukifika nyumbani tafuta mukebe yenye haina chini, isimamishe katikati, ijaze na kokoto za lave (hizo ni bure, ziko kila fasi), mwaga udongo pembeni, vuta mukebe juu kidogo, jaza tena, vile vile mpaka saki ijae. Ile nguzo ya kokoto njo inashusha maji mpaka chini, bila hiyo miche ya juu inakunywa na ya chini inakauka. Toboa pembeni, ingiza miche. Jua itaikula saki kisha saizo moja ao mbili, lakini bei yake ni kidogo.

Ya pili, bido (jerikani) ya njano ya lita 20, unaikata na kutoboa chini. Inadumu sana, ila inusishe kwanza! Mi niliuziwa moja yenye ilikuwa ya petroli, nikaosha na sabuni mara tatu, miche yote ikafa, iliniuma kabisa.

Pine (taire ya gari) ni ya tatu, nzuri kwa kitunguu, lakini maji inalala ndani yake na mbu zinazaliana, toboa. Sanduku ya mbao ni ya mwisho, ghali na inaoza.

Franka zenye zinabakia weka zote ku udongo na samadi yenye imeoza vizuri, juu saki mbaya unaweza kubadilisha lakini udongo mubaya utakulia saizo nzima. Na mbele ya kulipa mwenye chukudu (kinga ya mbao ya kubeba mizigo) yenye anakuletea udongo, omba amwage saki moja chini, juu mara nyingi udongo mweusi uko ku mudomo ya saki tu, chini ni changarawe.