Deraya ya joka, kitovu nje

Juzi usiku nilitoka banda la gemu nina hasira mpaka bajaji nikaikataa, nikatembea kwa miguu kutoka Chikongola, hapa Mtwara. Jina la gemu silitaji, na la banda silitaji, maana mama wa kijana wa hilo banda anauza vitumbua jirani na kwetu.

Nilikuwa naenda kila jioni, elfu moja kwa kila saa ya kucheza, kwa ajili ya kitu kimoja tu: deraya, yaani vazi la vita, la magamba ya joka. Wachezaji wenzangu mnaijua adha yake. Unaua joka, unaokota gamba, unampelekea mhunzi, anakwambia bado saba. Siku hiyo yakatimia. Nyundo ikalia, cheche zikaruka, muziki ukapanda, mimi niko ukingoni mwa benchi. Mpiganaji wangu akatokea: vikombe viwili vya chuma kifuani, kitovu nje, mapaja nje, mabegani miiba kama bunju aliyefura. Shingoni hana kitu. Mdogo wangu anamchezesha mpiganaji mwanamume. Deraya hiyo hiyo, namba za ulinzi zile zile, na kafunikwa utosini hadi kisiginoni, hata macho huyaoni.

Nikamtania kijana wa banda kwamba gemu lake limemwibia dada wa watu shati. Akajibu bila kuinua uso kwenye simu: "Sasa dada, ukitaka kufunikwa si uvae baibui? Hili gemu la wanaume." Banda zima likacheka. Mdogo wangu naye akacheka. Huyo tulimalizana nyumbani.

Mimi nimelelewa na mbangua korosho. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi mpaka inabanduka, na mama alikuwa anapaka majivu mikononi kabla hajagusa kazi. Alipaka mikononi kwa sababu ndiko kunakoungua. Chuma nacho ni hivyo hivyo. Deraya za bamba za Ulaya za karne ya 15, kilo 15 hadi 25, zilifuliwa kifua kitune kama kifuu cha nazi ili ncha ya mkuki iteleze pembeni. Ukiweka vikombe viwili umeuchimbia mkuki mfereji uende katikati, penye mfupa wa kidari. Jeanne d'Arc, yule msichana wa Kifaransa aliyekwenda vitani, alitengenezewa deraya kamili mjini Tours mwaka 1429, na bado kwenye vita vya Orléans mshale ukampata kati ya shingo na bega. Huyu wangu wa kitovu nje angefika wapi?

Najua nitaambiwa ni njozi, kuna joka, uhalisia wa nini. Hapo nakubali nusu. Sisi watu wa Mtwara tumekua tunaona mashetani ya mpingo yenye jicho moja na mdomo mgongoni, na sijawahi kumuuliza mchongaji mbona haifanani na mtu. Kipo hata kinyago cha kiwiliwili cha Kimakonde, chenye matiti na tumbo la mja mzito, na anayekicheza ni mwanamume. Wanaotazama wanajua matiti yale yanasema nini. Mchoraji wa gemu yeye alikuwa anasema nini? Kama mtindo wake ni kupigana uchi, na wa mdogo wangu avuliwe, tuyaone mapaja yake. Mbona Dark Souls la 2011 mwanamke anavaa chuma kile kile cha mwanamume na gemu likapendwa?

Nyota moja. Ila jamani, yale magamba! Nilisogeza kamera karibu: kila gamba lina ufa wake, na kwenye mwanga wa moto linageuka rangi kama dizeli juu ya maji ya bandarini. Aliyechora vile ana mkono. Haya, mbili. Halafu nakumbuka "gemu la wanaume", na chenji yangu ya mia tano ambayo mpaka leo sijaiona. Moja.

Kabla sijaondoka nilimvalisha lile koti la ngozi la kuanzia, ulinzi wake haba lakini angalau lina mikono. Jambazi wa kwanza tu njiani akamchoma tumboni, akafa. Deraya iko sandukuni. Na kwa kuwa mchezo wangu umehifadhiwa kwenye mashine ya yule kijana, Jumamosi nitarudi, na atakayelipa ni mdogo wangu.