Unga wa Bt wa Kuua Viwavi: Kazi Nzuri, Vumbi la Kutiliwa Shaka

Kwa upande wa kuua viwavi, sina ugomvi na unga huu. Bakteria waliomo, Bacillus thuringiensis (kwa kifupi Bt), hutengeneza fuwele za protini ambazo kiwavi akizila huharibu utumbo wake, naye huacha kula na kufa baada ya siku chache. Ninachokitathmini ni kile wanunuzi wengi wanachokipita bila kukisoma: sentensi ndogo nyuma ya pakiti inayosema kwamba vijidudu vinaweza kusababisha mzio.

Sentensi hiyo si ushahidi kwamba kuna aliyeugua. Umoja wa Ulaya huvichukulia vijidudu vyote vya viuatilifu kuwa huenda vikaamsha mzio, kwa sababu hakuna kipimo kilichothibitishwa cha kuamua vinginevyo. Vipimo vya ngozi vinavyofanywa kwa wanyama wa maabara vilibuniwa kwa ajili ya kemikali, ambazo molekuli zake ndogo hupenya ngozi. Spora, yaani chembe ngumu ambazo bakteria hawa hujigeuza ili kudumu, haipenyi ngozi isiyo na jeraha, hivyo majibu mazuri ya kipimo hicho hayatoi uhakika mkubwa. Kuhusu kuvuta hewa, njia ninayoihofia zaidi, hakuna kipimo cha aina hiyo kabisa. Kilichopo ni uchunguzi wa watu wenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 nchini Marekani ulikuta kingamwili dhidi ya Bt kwa baadhi ya wafanyakazi wa mashamba yaliyonyunyiziwa, lakini haukukuta ugonjwa wa mzio uliotokana na kazi hiyo.

Kwa hiyo tahadhari ni ya haki, ila mtengenezaji ameiandika kisha akauza unga laini kupindukia. Ukikata kona ya pakiti na kumimina kwenye ndoo, wingu jepesi hupanda hadi usoni kabla maji hayajaugusa, ilhali bakteria hao hao hupatikana pia katika punje na katika kimiminika. Lebo inasema “vaa barakoa” bila kutaja daraja, kana kwamba kitambaa kinazuia spora. Inayofaa ni ya kuchuja chembe ndogo, ya daraja la P2 au N95. Wala lebo hiyo haitaji mabaki ya chakula walichokuzwa nacho bakteria, ambacho mara nyingi huwa na soya, nayo pia yaweza kuamsha mzio.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Mwenye pumu achague kimiminika, na kazi ya kuchanganya amwachie mwingine.